Nungunungu Aliyekwenda Zuhura

Nungunungu alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Alipotangaza kwamba amemaliza kujenga chombo cha kumfikisha Zuhura, sayari jirani, wanyama walikusanyika kumzuia.

"Kule mawingu ni tindikali, na ardhi ina moto wa kuyeyusha risasi," alisema Nyani, msemaji wao. "Unafuata nini?"

"Nataka kujua kwa nini jirani yetu anaungua."

"Na aungue! Sisi yanatuhusu nini?"

Nungunungu akaenda. Chombo kilistahimili saa moja tu, kikaanza kulainika, naye akakirusha kurudi. Alishuka nyumbani bila mwiba hata mmoja mgongoni, ngozi imejaa malengelenge.

"Haya, umetuletea nini?" aliuliza Nyani.

"Nimeona mabonde ya mito," alijibu kwa sauti iliyokauka. "Zuhura ilikuwa na maji kama kwetu. Kisha moshi ukaifunika kama blanketi, joto likakosa pa kutokea. Mito yote ikakauka."

Wanyama wakainua macho. Moshi wa nyika waliyozoea kuichoma kila mwaka ulikuwa umetanda tangu asubuhi, na jua lilionekana jekundu.

Nyani ndiye aliyeinuka kwanza. Alikata tawi bichi, akaufuata moto, akaupigapiga mpaka ukazimika. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya Nungunungu.

"Dada," alisema, "mimi ndiye niliyetaka tusijue."