Pango Wasiloingia Wanaume

Tabuia, jirani yao, aliapa kwamba alimwona kwa macho yake mawili. Kaintong alikuwa amekalia kiti kwenye baraza ya ofisi ya serikali, anakunywa chai na mkalimani, anacheka. Hapo kisiwani Banaba, mwenyeji akiitwa ofisini alikalishwa chini, mkekani.

"Ukiona mtu kapewa kiti, shoga," Tabuia alimalizia, "ujue ardhi yake imeshapanda meli."

Aliyekuwa akiambiwa ni Tearenga. Kaintong alikuwa dada yake, na ardhi hiyo ilikuwa ya mama yao, kipande cha mwisho upande ule kilichobaki na minazi, mikadi na makaburi. Kwingine kote kampuni ilikwisha kuchimba mawe ya mbolea, ikaacha nguzo nyeupe za miamba zimesimama juani.

Alienda ofisini mwenyewe, akaketi mkekani, akauliza. Ilikuwa kweli. Mkubwa wa serikali alieleza kwamba mwenye ardhi atakuja Jumatatu kwa miguu yake na kuweka dole gumba kwenye hati ya kuuza mbele yake. Asipofika, ardhi itabaki kwa nduguye. Tearenga alimwomba mkalimani arudie hilo la mwisho. Akarudia.

Jioni alimsihi dada yake mpaka sauti ikamkauka. Kaintong alikuwa anapara samaki, hata uso hakuinua.

"Mvua haijanyesha mwaka wa tatu huu. Nazi zenyewe kama ngumi ya mtoto. Wewe baki ule makaburi, mdogo wangu. Mimi Jumatatu naenda."

Ijumaa ilikuwa siku ya kulipua pango. Lilikuwa chini ya shamba la watu waliokwisha kuuza, na ndani yake ndimo mlimobaki maji ambayo ukame haukuyamaliza. Kampuni iliwapa wanawake mpaka adhuhuri wachote ya mwisho. Wanawake tu, kwa sababu tangu enzi za mababu mwanamume haingii pango la maji, hachungulii, wala hamwiti aliye ndani.

Walikuja jua likiwa bado changa. Tearenga alisema mgongo unamuuma, akakaa mlangoni mwa pango kupokea vifuu vya maji na kuhesabu watu. Wenzake walimtania kwamba mgongo wake huuma siku za kazi tu. Wakaingia kwa kutambaa, mmoja mmoja, na mienge ya makuti. Waliozijua njia vizuri walikwenda mbali zaidi, kule maji yalikokuwa mengi na sauti za nje hazifiki.

King'ora cha kwanza kilipolia wakaanza kutoka, magoti yamechubuka, nywele zimejaa vumbi. Tabuia alitoka nyuma yao. Aligeuka akatazama gizani, akauliza kama kuna aliyebaki. Tearenga alimpokea kifuu, akamwambia akaze mwendo, wenzake wameshateremka.

Bureimoa, mtu wa kampuni aliyetoa ishara ya kulipua kwa bendera nyekundu, alisimama mbali kidogo, pango amelipa mgongo kama desturi ilivyotaka.

"Dada, wameingia wangapi?"

"Wanane."

"Wametoka wangapi?"

"Wanane."

Hakuwa na njia nyingine ya kujua. Alimwambia na yeye aondoke upesi kabla hajageuka mbolea akapelekwa ng'ambo, akacheka peke yake, kisha akainua bendera na kuanza kushuka.

King'ora cha pili, cha kuwasha baruti, kikalia. Tearenga alikuwa amekwisha kujitwisha mzigo wake wa vifuu aliposikia mtu anatambaa huko ndani, polepole, anapapasa ukuta.

"Mdogo wangu," Kaintong aliita, "mwenge umenizimikia. Nipe mkono."