Midomo ya Ziwa Dogo

Kwa mara ya tatu siku ile mtafiti aliyasoma majibu ya kipimo, na kwa mara ya tatu yalikuwa yale yale. Samaki wa ziwa dogo na samaki wa ziwa kubwa walikuwa ndugu. Si ndugu wa kuungaunga. Ndugu wa tumbo moja.

Alikaa kwenye kigoda cha maabara, maziwa yakimlowesha blauzi. Mtoto alikuwa na wiki tano, ameachwa nyumbani kwa bibi yake, na saa ya kunyonya ilishapita.

Miaka tisa alikuwa amesimamia neno moja. Maziwa yale mawili, yaliyotenganishwa na mlima, kila moja lilikuwa na samaki mwenye midomo iliyovimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, midomo ya kufyonzea wadudu kwenye nyufa za miamba. Kila aliyewaona alisema ni wamoja. Yeye alisema hapana: kila ziwa lilianza na samaki wake wa kawaida, na shida ile ile ya chakula ikawafinyanga, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakafanana. Kufanana si undugu. Vinasaba vyao vingeonyesha wametoka mbali mbali.

Kampuni ya machimbo, iliyotaka kulikausha ziwa dogo ili imwage kifusi chake hapo, ilisema vingine. Samaki wa ziwa dogo waliletwa na watu kwa ndoo kutoka ziwa kubwa, basi likikaushwa hakuna kiumbe kitakachopotea duniani. Kamati ya serikali iliyopaswa kuamua ikataka ushahidi.

Ushahidi alikuwa nao, aliukusanya kwa mikono yake. Kisha umeme ukakatika siku nne, barafu ya jokofu ikayeyuka, sampuli zote zikaoza. Yeye wakati huo alikuwa wodini, amejifungua kwa kupasuliwa, hata kuinua ndoo hawezi.

Aliyejitolea ni mjomba wake, mvuvi aliyestaafu, ambaye ndiye aliyemfundisha kuogelea.

"Wewe lea mtoto, mama," alimwambia. "Wale mabwana midomo niachie mimi."

Mtafiti alimpa mzee vichupa vya spiriti. Vyenye vifuniko vyekundu ni vya ziwa dogo, vya bluu ni vya ziwa kubwa. Kata kipande cha pezi, tia, funga. Mzee aliondoka alfajiri, akarudi jua halijapoa.

"Kumbe bado una nguvu, mjomba."

"Uvuvi hausahauliki. Uzee ni wa magoti tu," akajibu, wakacheka wote.

Sasa, majibu yakiwa mkononi, mtafiti alimpigia simu.

"Mjomba, vile vichupa havikuchanganyika njiani?"

"Havikuchanganyika. Kila kifuniko nilikikaza kwa mkono wangu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mjomba."

Fundi wa maabara, ambaye mbali na yeye ndiye pekee aliyeyaona majibu, alifunga mlango taratibu. "Daktari, andika kwamba sampuli ziliharibika. Omba muda. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Siku ya tatu yake alisimama mbele ya kamati akawasomea karatasi nzima, bila kuruka mstari. Mwenyekiti alivua miwani.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unakosea?"

"Ndiyo. Nilikosea."

Pampu ziliwashwa wiki ile ile. Siku ya kumi na mbili alikwenda kusimama kwenye uzio. Ziwa lilikuwa limebaki tope, na juu ya tope samaki wa mwisho wakifungua na kufunga midomo yao minene. Malori yakaanza kumwaga kifusi kuanzia upande wa kaskazini. Alitazama mpaka mlinzi akamwomba aondoke.

Chuoni hakuna aliyemlaumu. Walimsalimia kwa upole, kama mfiwa, na mwisho wa mwezi aliomba kuacha kazi.

Mjomba alipokuja kumwona mtoto alimkuta sakafuni, anatia madaftari ya miaka tisa kwenye gunia. Mzee alijishikiza ukutani, akaketi kwa taabu kwenye kiti, akamtazama kwa huruma.

"Usijitese hivyo, mama. Umesema kweli, na kweli haina aibu."

"Nilikuwa na uhakika, mjomba. Ningeapa kwamba wale wa ziwa dogo walikuwa peke yao duniani."

"Wasomi mnajitafutia mashaka. Sisi tuliokula samaki wa huku na huku tulijua tangu zamani kwamba ni wale wale." Aliyasugua magoti yake, akatabasamu kumliwaza. "Ndiyo maana sikuona haja ya kulishuka lile korongo mpaka ziwa dogo. Vichupa vyote, vyekundu na vya bluu, nilivijaza pale pale ziwa kubwa."