Bangili za Harusi ya Mokami

Uzi wa kipimo alioletewa ulikuwa mfupi. Athuman aliuzungusha kwenye kidole gumba, akautazama mkono wa Mokami uliokomazwa na jembe, kisha akautazama tena uzi. Bangili ya kipimo kile isingepita hata kwenye vidole vya mama yule.

“Una hakika, mama?”

“Kabisa, fundi. Tengeneza hivyo hivyo.”

Athuman akacheka moyoni. Wanawake bwana! Hata watu wazima hupenda kujipunguza.

Alikuwa sonara, mgane, mtu wa Pangani mwenye mwaka mmoja tu hapa Mugumu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: mapambo ya kale. Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la vikuku na hereni za mabibi. Nusu yake aliletewa na Mokami, mjane wa kijiji cha Kisaka, ambaye kila akimaliza zamu ya shamba la kijiji na kupata lifti ya lori la ushirika, hakuja mikono mitupu.

Safari hii alikuja kuagiza vya harusi.

“Nyumba yangu imenyamaza sana, fundi. Mume alikufa, mtoto sina. Mwaka huu lazima kuwe na harusi.” Akasogeza kigoda karibu. “Wewe ni mwanamume. Mwanamume anapenda kuona nini kwa mke wake?”

Athuman nusura aunguze kidole. “Bangili ya fedha,” alisema.

“Basi weka na ya fedha.”

Za shaba hazikuwa taabu. Madukani shaba ilikuwa haionekani, lakini stovu mbovu zilikuwa tele, akafua kutoka humo. Ya fedha ndiyo ilikuwa kazi. Aliyokuwa nayo ni moja, ya marehemu mama yake, na watu wa makumbusho walishaiomba mara mbili akawafukuza. Usiku kucha ilimkosesha usingizi. Asubuhi akaona jibu: hatoi kitu, anahamisha tu, kutoka sandukuni kwenda mkononi mwa mkewe. Akaikata mahali pamoja, ili iweze kubanwa au kupanuliwa, maana ule uzi hakuuamini.

Mokami aliporudi, Athuman alimtupia swali kwa mbali. “Na mambo ya ng'ombe wa mahari je, mama?”

“Ng'ombe si shida. Hiyo nimeshamaliza mimi.”

Athuman hakuwahi kusikia ukarimu wa namna hiyo. Akaanza kumtafutia jina la kusilimia. Mwanamvua lilimpendeza.

“Jumamosi uje navyo mwenyewe,” Mokami alimwambia akipanda lori. “Usikose. Bila wewe harusi haifani.”

Jumamosi Athuman alivaa kanzu, akaazima koti kwa Jumaa mshonaji, akapanda lori la Kisaka kifua mbele. Mbuzi walishachinjwa, balozi wa nyumba kumi alikaa mbele kabisa. Athuman akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kama mkwe anavyopaswa.

Mokami, amevaa shuka mpya, alimpokea kwa mikono miwili na kumwingiza ndani. Kwenye kigoda alikaa msichana wa miaka ishirini hivi, amepakwa mafuta, macho chini.

“Huyu ni Ghati. Mvalishe.”

Mila za watu, Athuman akajituliza. Huenda binti wa ukoo huvijaribu kwanza. Akamvika za shaba, akaibana ile ya fedha kwenye mkono mwembamba. Ikakaa sawasawa na uzi. Nje vigelegele vikalipuka, na jasho likaanza kumtiririka ndani ya koti la watu.

“Amependeza,” alisema kwa shida. “Sasa... bwana harusi yuko wapi?”

Mokami akamshangaa, akamshika Ghati mkono, akamwinua.

“Si ndiye unaongea naye, fundi? Ng'ombe nimetoa mimi; kwetu mjane asiye na mtoto huoa mke amzalie.”