Usinyamaze, Mzee

"Lima ovyo, upate utajiri," binti wa hospitali alisoma kwenye karatasi. "Herufi nne."

Mzee alitaka kutikisa kichwa kwa kufurahi, akakumbuka kwamba hakitikisiki. Kilikuwa kimebanwa kwa vyuma, na nyuma ya shuka ya kijani daktari wa upasuaji alikuwa ameshalifungua fuvu. Ganzi ilikuwa imeua maumivu tu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa macho kabisa, kama walivyopatana.

"Mali," alisema. "Hapo 'ovyo' inakwambia uzivuruge herufi za lima. Zipange upya, unapata mali. Huo ni mtego wa wanaoanza, binti yangu."

"Safi kabisa, mzee," daktari alisema kutoka nyuma ya shuka. "Endelea hivyo hivyo."

Uvimbe ulikuwa umejibanza jirani kabisa na mahali usemi unapotoka, na hakuna picha iliyoweza kuonyesha mwisho wa uvimbe na mwanzo wa maneno. Ndiyo maana daktari alikuwa akigusa kwanza, kwa waya mwembamba wenye umeme kidogo, huku mgonjwa akisema. Akiendelea kusema, panakatwa. Akikwama, waya unatolewa na pale hapaguswi tena. "Kazi yako ni moja tu," daktari alikuwa amemwambia. "Usinyamaze." Wala hakumficha kwamba mara chache, chache sana, maneno hugoma kurudi hata waya ukishatoka.

Mzee aliogopa, na aliogopa kweli kweli. Kifo kilimtisha, lakini si kama kuamka bubu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunzi wa chemshabongo ya gazeti, ile ya ukurasa wa mwisho, ambayo watu huanza kwa kalamu ya risasi na kumaliza kwa matusi. Asiyemjua kwa sura alimjua kwa visa vyake. Mtu kama huyo ukimnyang'anya maneno, umembakishia nini?

Binti, ambaye alikuwa mtaalamu wa usemi pale hospitalini, alikuwa amekusudia kumwonyesha picha za vikombe na paka azitaje. Mzee akakataa katakata, akasema paka wapelekewe watoto. Basi mkewe, aliyezoea kufumbua mafumbo yake asubuhi kwenye chai na ambaye hakuwa amewahi kutunga hata moja, alijifungia chumbani akamtungia mapya. Sasa alikuwa nje kwenye benchi la koridoni, na mumewe alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

"Nchi kavu mara mbili, ndipo upite," binti alisoma. "Herufi nane."

"Barabara!" Mzee hakungoja hata amalize. "Nchi kavu ni bara. Bara mara mbili, barabara, na ndiko tunakopita. Kumbe mama huyu miaka yote ananiibia ujuzi, mimi nadhani anakunywa chai!"

Binti alicheka. Muuguzi aliyekuwa akipanga vyombo akacheka naye.

"Sasa naingia pagumu," daktari alisema. "Usiniache peke yangu, mzee."

"Niende wapi na kichwa changu umekishika wewe?"

Walicheka tena, kidogo, kisha binti akarudi kwenye karatasi.

"Tisa ikivurugika, hupungua tatu. Herufi nne."

Hili lilimfurahisha mpaka machozi yakamlenga. Vuruga herufi za tisa, unapata sita. Toa tatu kwenye tisa, unapata sita vilevile. Herufi na hesabu zimekwenda kukutana mlango mmoja! Akamweleza binti taratibu, hatua kwa hatua, akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kutunga fumbo zuri kama hilo, na kwamba mkewe aambiwe hivyo hivyo, neno kwa neno.

Binti hakucheka. "Tisa ikivurugika, hupungua tatu," alirudia polepole.

Vijana wa siku hizi nao, wazito kama nini. Akaeleza upya, safari hii kama mwalimu aliyechoka na darasa. Sita, binti yangu. Sita.

Binti aliinua macho kuelekea upande wa daktari, kisha akayarudisha haraka kwenye karatasi. "Mtoto mmoja alikatwa kichwa, wakawa wengi."

Mwana. Ondoa herufi ya kwanza, inabaki wana. Mzee akapachika na utani, kwamba habari za kukata vichwa si za kusomwa mbele ya daktari huyu. Hakuna aliyecheka. Muuguzi aliacha vyombo vyake. Mashine ya mapigo ya moyo ilikuwa imeongeza kasi, na mzee akashangaa watu hawa wamenuniana nini wakati mambo yanakwenda vizuri namna hii.

"Mzee," binti alisema, akiinua kitu mbele ya macho yake. "Hii ni nini?"

Kalamu! Sasa hiyo ilikuwa dharau. Akamjibu bila kuficha hasira kwamba ni kalamu, ya buluu, imetafunwa kwenye kifuniko, na kwamba yeye si mtoto wa chekechea. Akamtajia jina lake, la mkewe, na la mhariri aliyewahi kumfukuza kazi na kumrudisha. Hofu yote ilimtoka. Maneno yalikuwepo, kila moja mahali pake, hakuna hata moja lililopotea, na kwa furaha akaomba mkewe asogezwe karibu na mlango asikie.

Binti alimshika mkono.

"Daktari, toa waya."

"Niliutoa uliporudia swali," sauti ilijibu nyuma ya shuka. "Bado?"

"Bado. Tangu lile la tisa, midomo yake haijasogea."