Keki ya Jumanne

Vijidudu vilikuwa vya duara, vimeshikana kama kichala cha zabibu, na rangi yake ilikuwa waridi.

Gudrun aliondoa jicho kwenye hadubini, akalirudisha. Vijidudu vya kichala hushika zambarau, na zambarau hiyo haitoki na kuacha waridi ila spiriti ya kuoshea ikizidi. Kwa rangi hizo mbili ndivyo madaktari wa wodini wanavyochagua dawa.

Kioo chenye vijidudu hivyo alikipaka rangi mwenzake wa meza ya pili, saa mbili asubuhi hiyo.

"Uliosha kwa spiriti sekunde ngapi?" Gudrun alimuuliza.

"Za siku zote. Leo umeamkia upande gani, wewe?" Mwenzake alikuwa mlangoni pa chumba cha kahawa, kisu mkononi. "Njoo, kuna keki."

Ilikuwa ya mdalasini. Sukari ilikuwa imemganda kidoleni, akailamba taratibu bila kumtazama.

Keki ya juma huliwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne. Kibendera kinachochomekwa kwenye keki ya siku ya kuzaliwa hakikuwepo. Pale maabara keki nyingine ni moja tu: aliyeharibu kazi huoka, hukiri, wenzake humcheka, yakaisha.

Huyu hakuwa amekiri lolote.

"Uliioka lini?" Gudrun aliuliza.

"Jana jioni. Kwani vipi?"

Jana jioni, kioo cha leo hakikuwa kimepakwa hata tone.

Gudrun alirudi mezani. Akavuta sanduku la vioo alivyopaka mwenzake jana, thelathini na kimoja, akachomoa cha kwanza.

"Keki itakauka," mwenzake alisema, kwa sauti ndogo.