Shavu Laini

Daktari wa macho alizima taa yake ndogo. Nyuma ya macho yote mawili ya yule binti, mishipa ya kuonea ilikuwa bado imevimba. Picha ya kichwa haikuonyesha ugonjwa kwenye ubongo, ila maji ya uti wa mgongo yalipopimwa yalikutwa na shinikizo kubwa. Kilikuwapo chanzo, na kisipojulikana mapema, binti angepofuka.

"Unameza dawa gani?"

"Hanywi hata kidonge cha mafua, daktari," mama yake alidakia. "Huyu akiona sindano anatafuta mlango."

"Namuuliza yeye, mama. Zamu yako inakuja."

Binti alitikisa kichwa. Daktari hakumwachia. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, na safari hii akamtazama uso badala ya macho. Mashavu yalikuwa laini, lakini kwa karibu yalionekana makovu madogo madogo ya chunusi.

"Chunusi ziliisha lini?"

Binti alimwangalia mama yake kwa pembeni. "Nilipoanza vidonge. Lakini hivyo si dawa, ni vya urembo tu. Aliniuzia muuza vipodozi."

"Na hiki kichwa kilichokuleta hapa, kilianza kuuma baada ya hapo?"

"Ndiyo."

"Basi vidonge hivyo ndivyo ninavyovishuku; zipo dawa za chunusi zinazopandisha shinikizo kichwani. Leo ndio mwisho, usimeze hata kimoja."

Binti alikuwa ameshatoa simu. Akampigia mdogo wake.

"Mdogo wangu, vile vidonge tunavyogawana, vimwage chooni sasa hivi. Halafu niambie ukweli. Na wewe kichwa kinakuuma?"