Bangili ya Bi Mwanahawa

Siku hizi mlezi wa wazee hapiki wala haogeshi. Huvaa bangili na kuyabeba maumivu ya mzee mpaka jioni. Zamoyoni alikuwa amejilaza mkekani, bangili mkononi, maumivu ya magoti ya Bi Mwanahawa yakimwakia kama moto, huku bibi mwenyewe akichambua mchicha na kujiimbia.

"Pole, mwanangu. Ngoja nikukande na mafuta ya nazi."

"Ahsante, bibi. Ndiyo kazi."

Jioni Zamoyoni akaivua bangili. Bi Mwanahawa akaguna, akajishikiza ukutani, maumivu yake yamemrudia. Zamoyoni akainuka aende zake, lakini goti lake la kushoto bado lilikuwa linauma.

Bibi akamwona anavyochechemea, akainamisha macho.

"Yule aliyekutangulia," alisema, "naye alianza na hilohilo la kushoto."